Transfoma Zilizofungwa Kabatini

Kilwa Masoko,
mvua zimekatika juzi

Kwa dada yangu Somoe, Kilangala.

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye utakayeisoma hii barua, halafu namwamkia mama kwa mdomo wako: shikamoo mama, miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa utingo wa lori ilifika, au alijichua mwenyewe njiani? Na shemeji kifua chake kimepoa? Na mtoto je, kaanza kusimama au bado anajiburuta kwa makalio? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia, na leo nitakwambia yote maana nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Maneno ya mjomba yamenifika. Utingo kayaleta kama yalivyo, hata sauti kaiiga. Kwamba mikorosho ya babu ya kule bondeni ni sehemu yangu, lakini nisipoonekana wakati wa kufyeka chini yake, kabla ya kupuliza dawa ya salfa, anaichukua yeye na mazungumzo yameisha. Nimesikia, dada. Sikunyamaza kwa kiburi. Nilitaka nije kwenye kikao cha ukoo nikiwa na neno, niseme mimi ni fundi, nina kazi, nina watu wanaonitafuta. Sikutaka nije na begi langu tu halafu mjomba aseme, "Haya, mji umekushinda, shika panga." Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Unamkumbuka yule Mzee Shomari niliyekwandikia habari zake, mwenye duka la vitenge hapa sokoni. Siku hizi si kila kitu ruksa? Basi naye kaenda Dubai, karudi na makasha, akasema anafungua gesti ambayo Kilwa haijaiona. Ndani ya makasha ni taa. Dada, taa gani zile! Vibalbu vidogo kama kidole gumba, vina kioo kwa nyuma, unavichimbia darini vinamwaga mwanga chini kama vimetoboa paa. Vinakula volti kumi na mbili tu, kwa hiyo kila vichache vina kidude chao cha kuushusha umeme wa ukutani, ndiyo transfoma yenyewe. Usifikirie ile ya kwenye nguzo. Hii inaenea kiganjani, plastiki tupu, nyepesi kama kiberiti. Na choki, vile vidude vya kuendeshea taa za tyubu, nazo hivyo hivyo, nyepesi. Mzee Shomari alizipima kwa mkono, uso ukamshuka.

"Wameniibia wale. Choki gani haina chuma ndani?"

Mtu kabla ya vitenge amenunua korosho miaka yote, kwake mali ni uzito.

Akaitwa Fundi Kondo. Huyu ni fundi umeme wa zamani hapa, choki ya chuma na stata, kile kikopo cha kuiamsha tyubu, anazijua hata akiwa usingizini. Mimi nilichukuliwa kushika ngazi. Kondo akaiangalia choki ya Dubai, akaona nyaya zinatoka nyingi, akacheka. "Zote hizi za nini, wanasuka mkeka?" Akazikata akabakiza mbili, moja inaingia moja inatoka, akapachika na stata yake kama alivyozoea. Akawasha. Ta! Moshi na harufu ya ukucha uliounguzwa. Akaleta ya pili. Ta!

"Vimeo," akasema.

Nami mdomo wangu unaujua dada, haukai. Nikasema, "Fundi, ubavuni kuna mchoro. Hizi hazitaki stata. Nyaya mbili za umeme, zilizobaki zinakwenda kila ncha ya tyubu."

"Nyamaza wewe fundi betri!"

Fundi betri ndilo jina wanaloniita hapa, kwa sababu nilijitambulisha kwamba nilijifunza kwa betri za magari na redio. Mzee Shomari akatutazama wote wawili, akasema, "Haya betri, panda wewe." Nikapanda. Nikafuata mchoro, waya kwa waya, stata nikaitupa pembeni. Tyubu ya korido ikawaka hapo hapo, bila kupepesa, bila ule mlio wa nzi. Kondo akakusanya koleo zake akaondoka bila kuaga. Na mimi siku ile nikawa fundi wa gesti nzima. Mzee kanipa mkono mbele za watu: nikimaliza, na shughuli ya ufunguzi ikapita vizuri, chumba kidogo cha pembeni ya gesti ni kibanda changu cha ufundi, mlango unaangalia barabara. Unaona dada? Hilo ndilo neno nililotaka kuja nalo kwa mjomba.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Mzee Shomari na kufuli. Yule mtu anafunga kila kitu. Sukari inafungwa. Jagi la maji ya wageni limefungwa mnyororo. Kwa hiyo alipoona transfoma zinataka kukaa darini, juu ya vichwa vya wapangaji, akakataa kabisa. "Kitu kidogo hivyo, mtu anainua bodi ya dari anatia mfukoni, kesho nakikuta kinauzwa Nangurukuru. Vyote vitakaa hapa." Hapa ni kabati la mninga alilolitengeneza koridoni, mlango mzito, kufuli kama ngumi. Waya ndizo ziende kwenye taa.

Na mimi nikakubali! Nisikudanganye, sikulazimishwa. Volti kumi na mbili nimekua nazo. Si ndizo zilizowaka kwenye harusi yako? Betri la lori lilikaa nyuma ya jiko, waya nikauzungusha uwani kote, ukumbi wote ukawaka mpaka watu wakasahau kuondoka. Nikasema volti ni volti. Nikazipanga transfoma kabatini zimebanana kama dagaa kwenye pakacha, nikavuta nyaya ndefu darini mpaka baraza la mbele. Tulipojaribu, taa za karibu zilikuwa nyeupe, za mbali nyekundu nyekundu kama jicho la mwenye homa. Nikasema labda waya mwembamba. Transfoma moja niliipa kibalbu kimoja tu, cha chooni, ikawa inakonyeza, inawaka inazima. Mzee akasema hiyo mbovu, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Nikaiokota, maana sipendi kuona kitu kinatupwa. Zilizobaki tukazifungia, ufunguo ukaingia kwenye pindo la kikoi chake.

Ufunguzi ulikuwa kwa maulidi. Walialikwa watu wa heshima, baraza limetandikwa mikeka, kina mama upande wa uani, spika mbili zimekodiwa. Magharibi ilipokwisha kusaliwa na umeme wa mji upo, Mzee akanikonyeza. Nikawasha. Watu wakasema "Aaah!" Wallahi dada, moyo ulinijaa. Mwalimu aliyealikwa kusoma maulidi akashika maikrofoni, akavuta pumzi, na kabla hajatoa neno spika ikasema: zzzziiiiiiii.

Akasogeza maikrofoni. Zzziii. Akazima, akawasha. Zzziii. Mwenye spika akaapa hajawahi kusikia kitu kama kile. Mwalimu ni mtu mvumilivu, akaanza hivyo hivyo, sauti yake juu na ule mlio chini yake kama nyuki wamealikwa pia. Tulipofika katikati, taa za upande wa kulia, pu, zikazima. Kisha zikawaka zenyewe. Zikazima za kushoto. Zikawaka. Hakuna aliyegusa swichi! Upande wa kina mama bibi mmoja akasema kwa sauti, "Nyumba ina wenyewe hii, wamekuja kuangalia ubani." Wengine wakacheka, wengine wakaanza kutafuta viatu. Nikakimbilia kabatini, nikaweka kiganja kwenye mbao. Moto! Nje ya mlango moto, sembuse ndani. Na ufunguo uko kikoini kwa Mzee, na Mzee amekaa mbele katikati ya wakubwa, hawezi kunyanyuka.

Walipoondoka alinijia taratibu. Ningependa angepiga kelele.

"Mfaume. Umenialikia watu waje wanicheke."

"Mzee, ni kabati. Mle ndani hakuna hewa, zinaungua zinajizima zenyewe, zikipoa zinawaka..."

"Kabati limetengenezwa na fundi. Kesho nisikuone."

Usiku ule nimelala chumbani nilikopanga, nawaza panga la mjomba. Nakwambia ukweli, nilishaanza kufunga begi. Kilichonizuia ni hasira tu. Asubuhi nikaichukua ile transfoma ya takataka, umeme wa mchana ulikuwepo, nikaiunga na redio yangu, nikijua redio inataka volti kumi na mbili na hii inatoa volti kumi na mbili. Moshi! Redio niliyoinunua kwa msimu mzima wa kupakia chumvi, moshi! Nikaenda nayo kwa fundi redio wa sokoni, karibu nilie. Kaitazama, kaitazama na transfoma, akacheka mpaka akaketi.

"Hii umeiunga hapa? Kijana, umeme wa betri umetulia kama maji mtungini. Huu wa hapa unatetemeka, tena mno, ndiyo maana kidude chenyewe chepesi. Ukiuvutia waya mrefu, mwingi unamwagikia njiani, na kila spika ya jirani itausikia."

Dada, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kibao. Nyekundu za mbali. Mlio wa spika. Yote yalikuwa waya zangu! Nikarudi mbio chumbani, nikakata waya mfupi kama mkono wangu, nikaipa ile transfoma vibalbu vitatu, nikaiweka wazi juu ya meza. Ikawaka nyeupe, pe! Haikukonyeza. Wala haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa, kibalbu kimoja hakiishibishi. Nikaikalia mbele mpaka jioni, naigusa, ya uvuguvugu tu.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayetuambia haya. Kila siku makasha yanashuka. Balbu imetoka nchi hii, transfoma nchi ile, swichi ya kupunguza mwanga haina hata jina, na vyote vikifika Kilwa mimi ndiye niviozeshe, na mahari yake ni redio yangu. Kikiungua wanasema fundi hajui. Ningejulia wapi? Shule ya transfoma iko Kilangala?

Nikaenda gesti saa ambayo Mzee yuko dukani. Mkewe, Bi Zuhura, akafungua mlango.

"Wewe si umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa, mama. Naomba nipande kwenye dari ya baraza tu."

"Ukianguka mimi sikukuona," akasema, akanishikia ngazi mwenyewe, mama wa watu na ushungi wake.

Nilikuwa na hiyo transfoma moja tu. Nikaiweka darini katikati ya taa tatu za mbele, waya mfupi, hewa inapita. Mzee aliporudi akakuta pembe moja ya baraza inang'aa na Bi Zuhura amekaa chini yake anachambua mchele, redio yake ndogo ya mkulima inaimba pembeni bila mlio wowote. Alizunguka, akatazama juu, akatazama redio, akafungua kabati. "Zipandishe," akasema. Nikazipandisha zote siku ile ile, kila moja na taa zake. Mpaka chooni nikaongeza vibalbu.

Ungedhani yameisha, sivyo? Hata mimi nilidhani hivyo. Nilianza kukwandikia barua ya furaha, niliichana.

Mzee hakulala. Kila asubuhi anaingia chumba kwa chumba ameinua shingo, anagonga dari kwa bakora. Siku moja akakuta bodi moja imesogea. Nikamwambia panya. "Panya ana vidole?" Bila kuniambia akamwita Kondo, na Kondo kwa furaha yake yote akazishusha transfoma, akazirudisha kabatini, akaunga zile nyaya ndefu nilizokuwa nimeziacha. Mimi nilikuwa Kivinje kwa kazi ya siku moja. Nimerudi jioni naona kutoka barabarani: nyekundu, zinazima, zinawaka. Muuza maandazi wa pale mbele akaniita, "Mfaume! Taa zako leo zimelewa?" Vijana wa kijiweni, "Fundi betri, zinasinzia hizo, wakazipigie ngoma!"

Taa zako. Hilo ndilo lililoniua, dada. Nani anajua nani kaziunga? Hakuna anayesema taa za Kondo. Gesti iko barabarani, kila gari linalokwenda Lindi linapita, kila jioni jina langu linazima na kuwaka mbele ya mji mzima. Na siku ileile mke wa mfanyabiashara wa samaki alikuwa ameniita nikaangalie nyumba yake. Kesho yake akatuma mtu: basi tena.

Nikaenda kwa Mzee, sikugonga.

"Mzee, hizi si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa inawaka."

"Kazi yako ilikuwa inaibika."

"Haijaibiwa hata moja!"

"Kwa sababu sijalala! Mimi ni mtu mzima, Mfaume, nina sukari. Nitagonga dari mpaka lini?" Akakaa. Kwa mara ya kwanza nikaona kweli amechoka. "Yote niliyonayo yako kwenye nyumba hii. Unanielewa? Sitaki taa nzuri, nataka nilale. Zitakaa darini kama wewe utalala chini yake. Kila siku. Kile chumba cha pembeni ni chako, ufundi wako fanya mchana. Jioni uwe hapa."

"Niwe mlinzi?"

"Uwe vyovyote."

"Nina safari ya nyumbani. Wiki mbili tu, kuna mashamba."

"Na mwizi nitamwambia asubiri wiki mbili?" Akanyanyua mabega. "Nenda. Siku unayopanda gari, zinarudi kabatini."

Nilitoka nikatembea mpaka bandarini nikarudi. Nilimtukana kimoyomoyo maneno ambayo mama asiyasikie. Mlinzi! Mimi! Nimejifunza mambo ambayo hapa hakuna anayeyajua, halafu nipewe kirungu. Nikasema naondoka, nakuja kufyeka, waache wasinzie na taa zao. Nikafika mbele ya gesti, zikazima mbele ya macho yangu. Muuza maandazi akacheka. Nikaingia nikachukua ngazi.

Ndiyo hivyo dada. Zimerudi darini, nami nalala chumba cha pembeni na jioni nipo. Zinawaka. Juzi yule mke wa mfanyabiashara wa samaki kasimama barabarani kazitazama kwa muda, kisha kanitumia mtu tena. Namwendea kesho mchana.

Kwa hiyo siji. Nimeligeuza kila upande, siwezi. Nikija kufyeka, nikirudi sina jina, na fundi asiye na jina ni mshika ngazi. Nisipokuja, mjomba anachukua. Nimekasirika kwamba lazima nichague, nimekasirika na Mzee, na mjomba, na Kondo, na mimi mwenyewe kwa nyaya zile ndefu. Lakini jambo moja nimeliamua bila hasira. Kikao kikikaa, usimtume shemeji. Nenda mwenyewe, simama, sema mbele ya mjomba kwamba Mfaume hajaitelekeza mikorosho ya babu, kakupa wewe. Wewe ndiye unayeifyeka kila mwaka kwa jina langu, tangu mimi nikiwa nafungua redio za watu. Akisema mwanamke, mwambie babu aliipata kwa bibi, na aliyempa bibi ni mama yake. Akisema yuko wapi Mfaume aseme mwenyewe, msomee hapa: mjomba, shikamoo, ni mimi Mfaume, mikorosho ya bondeni ni ya dada yangu Somoe, leo na siku zote, na nikija nitaomba korosho za kukaanga kama mgeni.

Nisalimie mama, umwambie redio itanunuliwa nyingine. Nisalimie shemeji, mume wako, aache kuvuta huku anapuliza salfa. Msalimie bibi jirani aliyekuwa ananificha mama akinitafuta na fimbo, na mwalimu wa chuo, na rafiki yangu mwenye baiskeli, mwambie sijasahau baiskeli yake, nimeusahau mnyororo tu. Mjomba naye msalimie, baada ya kikao, si kabla.

Utingo anapiga honi huko nje, ananiita majina. Naikunja hii.

Mdogo wako anayekupenda na anayekuudhi,
Mfaume